Kuchora masanduku ya barabarani: mwongozo kwa vikundi vya Mtwara na Lindi

Ukitoka Soko Kuu la Mtwara ukashika njia ya Shangani, hutatembea sana kabla hujakuta sanduku la chuma limesimama peke yake kando ya barabara. Hili la umeme, lile la simu. Rangi imebabuka, ubavuni tangazo la chumba cha kupanga limebandikwa juu ya tangazo la mganga, na chini kutu imeshaanza kula. Watu huegesha baiskeli hapo na kuegemeza magunia, lakini ukiwauliza sanduku lina rangi gani, wengi watageuka kwanza kuangalia.

Nimeyachora masanduku ya aina hiyo pamoja na vijana wenzangu, na naandika haya kwa kikundi chochote kinachotaka kuanza, kiwe cha shule, cha mtaa au cha marafiki watatu wenye brashi. Jambo lenyewe si geni duniani. Mji wa Brisbane, Australia, ulianza mwaka 1999 kuwapa wakazi masanduku ya taa za kuongozea magari wayachore, na miji mingi imefuata. Kwetu kusini lina faida ya ziada, maana wachoraji na wachongaji tunao, na chumvi ya baharini inakula chuma kisichotunzwa haraka kuliko bara.

Niseme mapema ninachokiamini. Sanduku hudumu likiwa na wenyewe. Rangi bora inasaidia, lakini anayelilinda ni yule anayekaa nalo kutwa, na atalilinda kama picha aliichagua yeye. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kuomba na kuandaa. Kuchora kwenyewe ni siku mbili tatu.

Jua ni la nani

Tazama mlangoni. Masanduku ya kugawa umeme ni ya TANESCO. Ya simu na intaneti mengi ni ya TTCL, ingawa kampuni nyingine nazo zina yake. Mara nyingi pana kibao chenye nembo au namba. Piga picha, andika namba hiyo na mahali lilipo. Ofisini hawalijui "lile sanduku la kwa mama wa mihogo", wanaijua namba.

Hapohapo likague kwa macho bila kuligusa. Sanduku ambalo mlango haufungi, waya unaonekana, limeinama, linanguruma kwa nguvu au linanuka kuungua, hilo si la kuchora. Toa taarifa kwa wenyewe, chagua jingine. Kikundi kinachoanza nakishauri kichukue kabati la simu. Hatari yake ni ndogo kuliko ya sanduku linalogawa umeme wa mtaa mzima, ingawa nalo halifunguliwi. Transfoma haichorwi na watu wa mtaani, iwe juu ya nguzo au ndani ya uzio.

Mtaa kwanza, ofisi baadaye

Mara ya kwanza tulikosea hapa. Tulifika kwenye kona tuliyoipenda na tepu ya kupimia, tukaanza kupima urefu na upana wa kabati. Mita mbili tu kutoka hapo alikuwepo mama anayekaanga mihogo na samaki. Aliacha kijiko kwenye karai akasimama.

"Shikamoo mama," tukasema, tumechelewa.

"Marahaba. Mnatupima ili mtuhamishe?"

Ndipo nilipoelewa. Kwa mtu anayefanya biashara kwenye hifadhi ya barabara, vijana wenye tepu ni habari mbaya. Baada ya tepu huja kopo la rangi nyekundu, na rangi nyekundu ukutani ni alama ya X ya kubomolewa. Hatukuwa na kopo lolote, lakini moyo wake ulishashtuka. Ilibidi tukae chini, tununue mihogo, tueleze tangu mwanzo. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba siku ya kwanza hatupimi kitu. Tunasalimia, tunakaa, tunauliza nani anafungua duka hapa asubuhi, nani anafunga wa mwisho, watoto wa shule wanapita saa ngapi. Tepu inakuja siku ya pili.

Waulize watu wa kona hiyo maswali mawili tu: mngependa kuona nini kila siku mkifika hapa, na nini hamtaki kabisa kukiona. La pili lina majibu mazuri kuliko la kwanza. Kona moja walikataa picha ya nyoka. Kona nyingine, iliyo jirani na msikiti, waliomba tusichore sura za watu upande unaoelekea mlango wa msikiti, tukauwekea pindo la maua. Maombi kama hayo hayagharimu kitu, na mtu uliyemsikiliza hatakuacha peke yako mvulana atakapokuja kubandika tangazo juu ya kazi yenu.

Baada ya hapo nenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Omba jambo liingie kwenye ajenda ya kikao, na uondoke na vitu viwili mkononi: muhtasari wenye sahihi na barua ya utangulizi. Kwa hivyo viwili andika kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara Mikindani, au ya Lindi kama uko huko, na umwone afisa utamaduni ana kwa ana. Nakala iende kwa wenye barabara. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA.

Barua inayobeba uzito ni ile ya mwenye sanduku. Ambatisha mchoro wa rangi wa pande zote, picha ya sanduku lilivyo sasa, aina ya rangi, tarehe na majina ya wachoraji. Kisha andika ahadi hizi waziwazi: hamtafungua mlango, hamtatoboa, hamtafunika matundu ya hewa, kitasa, bawaba, namba wala alama ya hatari, na fundi wao ana haki ya kulifungua au kulibadilisha siku yoyote bila kudaiwa fidia ya picha. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo inayowatoa wasiwasi. Omba pia wamteue mtu wa kuja kukagua siku ya kuanza. Na usianze kwa ruhusa ya mdomo hata kama aliyekupa ni bosi, bosi huhamishwa. Barua yetu mojawapo ilikaa ofisi fulani wiki saba. Tulikwenda kila Jumatatu, tukasalimia, tukauliza, tukaondoka bila maneno makali. Ilitoka.

Msimu wa kuomba na msimu wa kupaka

Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, wakati mwingine Mei. Rangi na mvua haviendi pamoja, kwa hiyo dirisha la kazi ni kati ya Juni na Oktoba mwanzoni. Lakini michango usiiombe Julai. Omba wakati wa korosho, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, fedha za minada zikiwa zimefika na wenye maduka wakiwa na roho nyeupe. Weka hesabu, andika barua wakati wa masika, paka kiangazi. Mwaka mzima unaonekana mrefu, lakini ndio mwendo wa kazi hii.

Julai na Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, hubeba vumbi na chumvi. Funga turubai upande unakotoka upepo, mbali kidogo na sanduku ili lisigusane na rangi mbichi.

Picha

Wengi huchora mbele tu, kana kwamba sanduku ni ukuta mdogo. Nenda kamtazame mchongaji wa Kimakonde akianza gogo la mpingo. Halina mbele. Hulizunguka, na kwenye ile mitindo ya ujamaa, watu wamepandana mabegani kuanzia chini hadi juu, ukizunguka unakuta mkono wa huyu umemshika yule wa upande wa pili. Sanduku nalo ni gogo. Picha ikivuka kona, mkia wa samaki ukabaki upande wa barabara na kichwa kikatokea upande wa duka, mtu atazunguka kuutafuta mwisho. Tumewaona watoto wakizunguka mara tatu.

Kwa mpangilio, kanga inatufundisha vya kutosha. Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo la sanduku lipite kwenye kingo zote na liwe pana angalau vidole vinne, kwa sababu kingo ndizo zinazogongwa na kuchubuka. Pindo lenye mapambo yanayojirudia hurekebishika kirahisi kuliko uso wa mtu. Mji ni picha yenyewe. Jina ni maneno, na maneno waachie watu wa hapo. Yule mama wa mihogo ndiye aliyetuambia, "Kanga isiyo na jina nani ataivaa?" Akachagua *Mgeni njoo mwenyeji apone*, kwa kuwa wateja wake wengi ni wasafiri. Tuliandika kwa herufi kubwa, urefu wa kiganja, ili hata aliye juu ya bodaboda asome.

Pande za sanduku zina watazamaji tofauti. Upande wa barabara huonwa na mtu anayekwenda mbio: weka umbo kubwa moja au mawili na rangi zinazopingana. Upande wa njia ya miguu huonwa na mtu aliyesimama akisubiri chenji, huyo mpe mambo madogomadogo. Sehemu ya chini, usawa wa macho ya mtoto wa miaka mitano, ni ya watoto: kaa, kobe, kuku na vifaranga. Na ile shubiri moja inayogusa ardhi iache iwe rangi ya udongo mwekundu mtupu. Mvua ikipiga, tope litarukia hapo na halitaonekana.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa upande wa Tunduru na kufariki mwaka 1972, alianza kwa rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, yaani ubao mwembamba wa kiwandani. Mtindo wake unafaa sana kwenye chuma, kwani hutumia rangi bapa isiyochanganywa, wanyama wakubwa, na nafasi zilizobaki kujazwa vitone. Vitone hivyo vina kazi nyingine, maana uso uliojaa hauwavutii sana wabandika matangazo kama uso mtupu.

Chora kwa ukweli. Kijana wetu mmoja alichora korosho ndani ya bibo, kama mbegu ya embe. Kabla rangi haijakauka watu watano walishasimama kumsahihisha. Korosho huning'inia chini ya bibo, iko nje, na bibo lenyewe huwa jekundu au la njano. Dau la Mikindani halifanani na jahazi, na pweza ana mikono minane. Wasomaji wa picha hii ni wavuvi na wakulima, wanakijua wanachokitazama. Ukiwa Lindi, shingo ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, aliyechimbuliwa kati ya 1909 na 1913 na sasa anasimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, ingependeza sana kuizungusha sanduku zima.

Vinyago vya jando usivichore kama pambo hadi wazee wenye mila hiyo wamekuruhusu. Ndonya za mdomoni na chale za usoni ni nyuso za bibi zetu, zichorwe kwa heshima au ziachwe. Nembo ya Taifa ina sheria yake, iache. Rangi na alama za vyama, biashara za wachangiaji na mistari ya dini tunaziweka kando pia, kwa sababu sanduku ni la wapita njia wote.

Hesabu ya rangi

Chukua kabati la kawaida lenye kimo cha mita 1.2, upana mita 0.8 na kina mita 0.4. Pande nne na paa jumla ni kama mita za mraba 3.2. Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Kwa hiyo lita moja ya praima, ile rangi ya kwanza inayoshika chuma, inatosha mikono miwili na kubaki, lita moja ya rangi ya chini nayo hivyohivyo, na rangi za picha nunua makopo ya robo lita. Nunua nyekundu, njano, buluu, nyeupe na nyeusi. Kijani, chungwa na kahawia utazichanganya mwenyewe.

Kwenye jua letu pinki, zambarau na nyekundu kali za bei ya chini hupauka mapema. Nyeupe, buluu, na zile rangi za udongo, yaani kahawia nyekundu na njano ya haradali, hukaa. Ukitaka nyekundu ing'are, iweke upande usiopigwa na jua la mchana. Nyeusi itumie kwa mistari tu. Sanduku lililopakwa rangi nzito hupata joto kali, na vyombo vilivyomo ndani havipendi joto.

Kwenye kopo tafuta maandishi kwamba rangi haina risasi. Watoto watalishika sanduku hilo kila siku.

Vifaa vingine: brashi ya waya, msasa namba 80, 120 na 240, brashi za inchi mbili na inchi moja, brashi nyembamba za mchoraji, tepu ya karatasi, tapentaini, sabuni ya unga, dodoki, vitambaa vya pamba, ndoo mbili, chaki, kamba, na barakoa kwa kila anayepiga msasa.

Kuosha, kukwangua, kujua chuma chenyewe

Hatua hii haina picha ya kupiga na kuonyesha watu, na ndiyo inayoamua sanduku litakaa mwaka mmoja au mitano.

Kwanza osha kwa dodoki lililokamuliwa na maji ya sabuni, kisha maji matupu, mara mbili. Usimwage kwa ndoo wala mpira wa maji, kwani maji yataingia kwenye matundu ya hewa. Chuma kikikauka, kama kuna chumvi bado, rudia. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, rangi ikafura malengelenge, na kutu ikaendelea kimyakimya chini yake.

Bandua matangazo kwa kuyalowesha na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, robo saa. Rangi ya zamani iliyobabuka ipige msasa wa maji, si mkavu, kwa kuwa rangi za miaka ya nyuma huenda zina risasi na vumbi lake halifai kuvutwa. Kutu ikwangue kwa brashi ya waya, kisha namba 80, kisha 120, hadi chuma king'ae au kibaki na madoa yasiyotoka unga. Sehemu iliyo nzima ipige 240 kidogo tu, iondoke mng'ao ili rangi mpya ipate pa kushika.

Sasa jua unachopaka. Chuma cha kawaida hutoa kutu nyekundu. Bati la zinki halitoi nyekundu, hutoa unga mweupe, na likiwa safi lina maua maua kama bati jipya la paa. Mengine ni ya plastiki ngumu ya nyuzi, ukiligonga linatoa sauti ya ndoo.

Tofauti hii ilitufundisha kwa uchungu. Sanduku letu la pili lilikuwa la zinki na hatukujua. Tulilipaka rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya bati, likapendeza, watu wakapiga nalo picha. Masika yaliyofuata rangi ilianza kuachia kwenye kingo, na ukivuta kwa kucha inatoka utando mpana kama ngozi ya kitunguu. Zinki na mafuta yaliyomo kwenye rangi hutengeneza sabuni katikati yao, na juu ya sabuni hakuna kinachoshika. Tulikwangua kazi ya siku nne kwa mikono yetu.

Kwa hiyo zinki ipanguse kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache dakika chache, suuza, kausha, kisha weka praima iliyoandikwa kuwa ni ya bati la zinki. Chuma cha kawaida kipate praima nyekundu, ile ambayo mafundi mageti huiita redoksaidi. Plastiki inataka msasa 240 na praima ya plastiki.

Kabla ya praima funika kwa tepu ya karatasi kitasa, bawaba, kibao cha namba, alama ya hatari, waya wa ardhi na mpira wa mlango. Matundu ya hewa usiyazibe kwa tepu muda mrefu. Yafunike unapopaka karibu yake, kisha ifungue tepu. Paka mikono miwili myembamba, siku moja katikati. Mkono mzito huchuruzika na kukauka juu huku chini mbichi.

Siku inayofuata jaribu. Chukua wembe, kata msalaba mdogo mahali pasipoonekana sana, bandika tepu juu yake, ikandamize, ivute kwa ghafla. Ikitoka bila rangi, endelea. Ikitoka na rangi, rudi kwenye msasa, hata kama vijana wamechoka na afisa ameahidi kuja Jumamosi.

Kuhamisha mchoro na kupaka

Paka rangi ya chini, iliyo nyepesi, ikauke usiku mzima. Kisha gawa kila upande miraba kwa kamba na chaki, sentimita 20 kwa 20, na mchoro wako wa karatasini uwe na miraba idadi ileile. Kila mtoto anaweza kupewa mraba wake akahamisha kilichomo. Hii ndiyo siku ya kuwaalika watu wa kona. Chaki inafutika, kwa hiyo hakuna kosa la kuogopa, na bibi ambaye hajawahi kushika brashi anaweza kuchora ua la pindo kwa chaki na kesho akalikuta limepakwa.

Saa nzuri ni kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi, na tena saa 10 hadi saa 12 jioni. Asubuhi sana chuma kina umande, kipanguse na usubiri kikauke. Mchana ukigusa chuma kwa kiganja ukashindwa kuhesabu hadi kumi, rangi nayo itakauka kabla haijajinyoosha, itabaki na mistari ya brashi. Ijumaa tunafunga kazi kabla ya saa 6, na Ramadhani tunafanya asubuhi tu.

Anza na maumbo makubwa, juu kwenda chini, rangi nyepesi kwanza. Subiri ikauke, kisha mambo madogo, kisha mistari myeusi, vitone mwisho. Baki kwenye ukoo mmoja wa rangi. Ukianza na ya mafuta, maliza na ya mafuta. Rangi ya maji juu ya ya mafuta inayong'aa haishiki, na thina kali juu ya rangi changa huikunja kama kitambaa kilichochemshwa.

Angalia sana ufa wa mlango. Ukipaka juu yake rangi huziba, na fundi akija kufungua anachana picha, au mbaya zaidi anashindwa kufungua usiku umeme ukiwa umekatika. Paka upande huu wa ufa, acha ukauke, paka ule. Kazi ikiisha, pitisha ukingo wa karatasi ngumu kwenye ufa wote kuhakikisha haukushikana.

Mtu mmoja kati yenu asishike brashi. Kazi yake ni kutazama magari na bajaji, kuwasogeza watoto, kuweka koni au matawi barabarani. Hakuna kupanda juu ya sanduku, hakuna ngazi ya chuma, na mvua ikinyesha kazi inasimama papo hapo.

Tepu itoe rangi ikiwa haijakauka kabisa, ukiivuta kwa pembe. Hakikisha alama ya hatari inasomeka kuliko kitu kingine chochote upande huo. Rangi ya mafuta haihitaji vanishi. Ukiwa umetumia rangi ya maji, malizia kwa mikono miwili ya vanishi angavu ya nje, nayo iwe ya maji. Mabaki ya tapentaini usimwage mtaroni, mitaro yetu inaishia baharini. Yaache kwenye chupa yatuame, mimina sehemu safi uitumie tena, na matope yake yakaushe ndani ya mchanga.

Baada ya hapo

Mwite yule mkaguzi aje afungue na kufunga mlango mbele yenu, kisha mpe mwenyekiti wa mtaa nakala ya picha za pande zote.

Mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua na baada ya kusi, liosheni kwa maji ya sabuni. Kidoa cha kutu kikitokea, shughulikieni kikiwa na ukubwa wa sarafu: msasa, praima, rangi, asubuhi moja inatosha. Mkikuta tangazo limebandikwa, bandueni siku hiyohiyo, kwa sababu la pili hufuata la kwanza.

Rangi iliyobaki ihamishie kwenye makopo madogo hadi yajae, yafunge vizuri, yageuze juu chini ili hewa isiingie. Juu ya kila kopo andika namba ya sanduku, sehemu ilikotumika na jinsi ulivyochanganya, kwa mfano "bibo, njano vijiko vinne, nyekundu kimoja". Makopo hayo hayakai kwetu. Tunampa mtu wa kona. Ya sanduku lile la kwanza yako chini ya meza ya mama wa mihogo, nyuma ya ndoo ya unga, na brashi ya inchi moja iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni.